Nusu ya Fundi Kitwana

Mimi ni mwandika vibao wa serikali, na nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba sina kinyongo na mtu. Serikali yetu ni nzuri. Barabara zetu ni nzuri. Waziri wetu ni mzuri, na picha yake, ambayo nimeichora mara mia mbili na kumi kwa mkono wangu huu, ni nzuri kuliko yeye mwenyewe. Naandika haya kwa sababu Idara ya Mgawanyo imenitaka nitoe maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu vibao vilivyong'olewa. Najua nitazidisha. Mtu aliyeandika majina ya wafu kwa miaka sita ana haki ya kuzidisha kidogo.

Kwa faida ya wageni watakaoyasoma, nianzie kwenye sheria.

Zamani nchi yetu ilikuwa gizani. Gari likigonga baiskeli, watu walisema gari limegonga baiskeli. Mheshimiwa Dakta Bukheti Nandule, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Barabara na Wajibu, aliliona tatizo siku ya kwanza, akiwa ndani ya gari. Akauliza, "Kwani hiyo baiskeli haikuwepo?" Washauri wake wakatazamana, wakajibu kwamba ilikuwepo. "Basi walikuwa wawili," akasema Mheshimiwa, na Sheria ya Wajibu wa Pamoja ikazaliwa kabla msafara haujafika ofisini.

Tangu siku hiyo ni marufuku kusema kugonga. Magari na baiskeli hukutana. Redio ya taifa hutangaza kila jioni ni wangapi wamekutana, kwa sauti ileile inayotangazia harusi. Na kila wakikutana, kosa hukatwa katikati: nusu ya gari, nusu ya baiskeli. Haijalishi kama baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani. Haijalishi kama mwenyewe alikuwa ndani anakunywa chai.

Wajibu nao uligawanywa kwa usawa wa kupendeza, ukurasa mmoja kwa mwenye gari na ukurasa mmoja kwa mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli anatakiwa kufunga vioo viwili, mkanda wa kiti, taa nne, na honi inayosikika kama ya lori. Anatakiwa kuvaa koti linalong'aa, kupisha kulia, kupisha kushoto, kupisha nyuma, na kutokuwepo mahali ambapo gari linakusudia kuwa. Mwenye gari anatakiwa kuwa mwangalifu pale inapowezekana. Huo ni mstari mmoja tu, lakini ukurasa umejaa, kwa kuwa nafasi iliyobaki imewekwa picha ya Waziri. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mzaha. Walipoleta mkanda wa kiti cha baiskeli kiwandani kwangu niuandike nembo ya taifa, nikajua hawataniwi watu hapa.

Kazi yangu ya vibao ilianza hapo. Sheria inasema kwamba popote gari na baiskeli vitakapokutana, serikali itasimika kibao chenye majina ya wahusika ili vizazi vijifunze. Juu huandikwa HAPA WALIKOSEA. Chini yake ubao hugawanywa sehemu mbili sawa, ya gari juu, ya baiskeli chini. Ukubwa wa herufi unafuata ukubwa wa fungu la kosa: fungu kubwa, herufi kubwa. Brashi ndogo kabisa ni namba moja, na Kanuni ya Herufi inasema wazi kwamba fungu lisiloweza kuandikwa kwa brashi namba moja halipo. Naomba msomaji aikumbuke kanuni hiyo. Sikuitunga mimi.

Sasa vibao vinasimikwa wapi? Barabara zetu zina lami katikati, na pembeni mwa lami kuna ukingo wa udongo, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja. Ukingoni huko ndiko baiskeli zilikokuwa zinapita. Na ndiko vibao vilikosimikwa, kwa miguu miwili ya chuma iliyochimbiwa chini kwa saruji. Mwenye baiskeli akifika kwenye kibao hana njia. Anaingia kwenye lami kukizunguka. Huko anakutana na gari. Kesho yake tunasimika kibao kingine, hatua tano mbele.

Kwenye Kona ya Tanuri, pale penye tanuri la zamani la matofali, vibao vilifika kumi na moja, mfululizo. Nilipeleka barua Idarani nikieleza kwamba vibao vyenyewe ndivyo vinavyowatoa watu ukingoni. Nilijibiwa kwa adabu kwamba ongezeko la vibao linaonyesha jinsi elimu inavyosambaa.

Niliisoma barua hiyo mara tatu, kisha nikaikunja, kisha nikaenda kuandika kibao.

*

Fundi Kitwana Ndago alikuwa mnoa visu. Mji mzima ulimjua. Baiskeli yake aliifungia jiwe la kunolea juu ya mhimili. Akifika uwanjani kwako anaitegemeza kwa stendi, anakaa, anapiga pedali, gurudumu halitembei ila jiwe linazunguka, na cheche zinaruka. Alinoa visu vya wake zetu, mapanga ya wakulima, mikasi ya mafundi cherehani. Na alinoa Mkasi wa Pamoja.

Huo ni mkasi wa Wizara, mrefu kama mkono wa mtu mzima, uliotengenezwa maalumu kwa sherehe za kuzindua vibao. Una matundu mawili makubwa. Katika sherehe, mwenye gari hushika tundu moja na mwenye baiskeli hushika la pili, wanabonyeza kwa pamoja, utepe unakatika, bendi inapiga. Mwenye baiskeli akiwa amefariki, anashikiwa na mjane. Asipokuwa na mjane, anashikiwa na mwenyekiti wa mtaa. Nimeona mwenyekiti mmoja akishika mara tatu kwa wiki moja, hadi akaota sugu.

Siku ya kibao cha mia tisa tisini na tisa, mkasi ulikuwa kwa Kitwana. Sherehe ilikuwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu Idara ikampigia simu: Fundi, mkasi uko wapi, Waziri yuko njiani, harakisha. Kitwana akaufunga mkasi nyuma ya baiskeli kwa mpira, akatoka. Mkewe, Bi Sikudhani, alimwambia anywe uji kwanza. Akajibu kwamba serikali haingojeshwi.

Msafara wa Waziri nao ulikuwa unawahi sherehe hiyohiyo, kwa barabara hiyohiyo. Kwenye Kona ya Tanuri Kitwana alifika kwenye kibao cha kwanza, akatoka ukingoni kukizunguka, na gari la Waziri likamkuta pale.

Likamgonga. Nimeliandika, na sitalifuta. Lilimgonga kwa nyuma, akafa palepale mbele ya vibao kumi na moja vya kumfundisha.

Msafara ulisimama. Mlinzi mmoja aliteremka, akauokota mkasi barabarani, akaufuta kwa kitambaa, akapanda, wakaondoka. Utepe ulikatwa saa nne na dakika kumi. Nilikuwepo, nimesimama kando ya kibao changu, nikauona ule mkasi ukipita bila hata kukwama, maana Kitwana alikuwa ameunoa vizuri. Karibu na msumari wa katikati palikuwa na tone jekundu. Nilidhani ni rangi yangu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi situmii nyekundu.

*

Kikao cha mgawanyo kilifanyika wiki iliyofuata. Mwandika vibao lazima ahudhurie ili anukuu majina sawasawa, kwa hiyo nilikaa pembeni na daftari langu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wa Mgawanyo, Bwana Lushaka, mtu mpole sana. Sijapata kumsikia akipaza sauti. Ukimkasirikia anakupa maji ya kunywa.

Bi Sikudhani alikuja na kaniki yake na bintiye Tunu, mtoto wa darasa la tatu.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Lushaka. "Kabla ya yote, Idara inakupa pole kwa nusu ya msiba."

"Nusu?"

"Nusu nyingine tunawajibika kuipeleka upande wa pili. Gari limebonyea bamba la mbele."

Bwana Lushaka akafungua jalada.

"Sasa tuangalie marehemu alikosea wapi. Alikuwa anaharakisha. Kuharakisha ni mwendo kasi. Alikuwa amebeba chombo chenye makali kwenye barabara ya umma."

"Ule mkasi ulikuwa wenu!"

"Mkasi ni mali ya umma, mama, hauwezi kuwa na hatia. Tena alipogongwa, samahani, walipokutana, marehemu hakuwa ukingoni."

"Ukingoni kuna kibao."

"Hasa. Kibao kinachomkumbusha asitoke ukingoni."

Nilivunja penseli. Nikaomba radhi, nikachonga nyingine.

Basi kosa likakatwa katikati kama kawaida. Nusu ya baiskeli ilikwenda kwa Kitwana. Kwenye nusu ya gari, Bwana Lushaka alisimama, akakohoa, akaeleza kwamba Mheshimiwa Waziri, kwa moyo wake wa kupenda ushirikiano, ameomba fungu lake ligawanywe zaidi. Maana Mheshimiwa hakuwa anaendesha. Kwa hiyo dereva alichukua kipande. Dereva naye alikuwa anafuata ratiba, kwa hiyo ratiba ikachukua kipande. Jua lilikuwa limechomoza upande wa mbele, likapewa chake. Kiwanda kilichotengeneza gari ng'ambo kilipewa. Wahandisi waliopinda kona wakati wa wakoloni walipewa, ingawa walishakufa. Mbuzi aliyekuwa anakula majani ng'ambo ya barabara alipewa, kwa kuvuta macho. Yakaongezwa majina arobaini na mawili, na mwisho kilichobakia kwa Waziri kilikuwa hakizidi unene wa ukucha.

"Na nusu ya mume wangu?" aliuliza Bi Sikudhani. "Yake haigawanywi?"

"Agawane na nani, mama? Alikuwa peke yake."

Tunu alikuwa anachezea ncha ya kaniki ya mamake.

"Baba," alisema Bi Sikudhani taratibu, "mimi sikuja kudai kitu hapa. Kitwana nimeshamzika. Nataka jina lake lisisimame pale barabarani. Huyu mtoto anapita pale kila asubuhi kwenda shule, na kusoma anajua. Mtamwambia kila siku kwamba baba yake alijiua nusu?"

Bwana Lushaka alimsogezea glasi ya maji.

"Jina linaweza kuondolewa," alisema. "Sheria yetu si katili. Mhusika anatakiwa kufika mwenyewe kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne."

*

Kibao cha elfu moja. Wizara ilitaka kiwe kikubwa kuliko vyote kwa sababu ya namba. Nilikipaka rangi nyeupe mara tatu. Juu nikaandika HAPA WALIKOSEA. Kwenye nusu ya gari nikawabana wale arobaini na wawili, jua, mbuzi na wote, kwa herufi za kukodolea macho. Nilipofika kwa Waziri, nilichukua brashi namba moja, nikaipima kwenye fungu lake. Brashi ilikuwa nene kuliko fungu. Nikafuata kanuni. Jina la Waziri halikuandikwa.

Kwenye nusu ya chini hapakuwa na wa kubanana naye. Niliandika FUNDI KITWANA NDAGO kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa kutambaa, na chini yake NUSU NZIMA. Mtu akiwa kwenye basi, ng'ambo ya bonde, angelisoma jina hilo na lingine asilione.

Bi Sikudhani alinikuta naikausha rangi. Sikumsikia akiingia. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijaribu kusimama mbele ya ubao, lakini ubao ule haukuwa wa kufichwa na mtu mmoja.

"Hodi, Fundi Mshamu."

"Karibu, shemeji. Nisamehe."

Kitwana alikuwa rafiki yangu. Labda nilipaswa kulisema hilo mapema. Alikuwa ananinolea visu vya kukwangulia rangi kwa miaka kumi na tatu, na hakuwahi kunipita bila kusimama.

Bi Sikudhani aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Umeandika vizuri," alisema.

Ningependa angenitukana. Nilikaa juu ya debe la rangi nikalia, mtu mzima, mwajiriwa wa serikali mwenye pensheni. Yeye hakulia. Alisogea akazichungulia zile herufi ndogo za juu.

"Waziri simwoni."

Nikamweleza Kanuni ya Herufi. Nikamweleza kwamba mtu akigawana kosa na wengi, herufi zinapungua, na zikipungua kupita brashi namba moja, kosa linakuwa halipo.

"Halipo kabisa?"

"Kisheria halipo."

"Na sheria hiyo ni ya mawaziri tu?"

"Haisemi hivyo. Inasema mhusika."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akanishukuru, akaaga. Alipofika mlangoni akaniuliza adhabu ya kung'oa kibao cha serikali ni nini. Nilimjibu kwamba aliyeking'oa huandikwa kwenye kibao kipya kitakachosimikwa mahali palepale, na kibao hakiwezi kurudishwa hadi jina lake liandikwe. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia ya sokoni. Nami nilijibu hivyohivyo.

*

Sherehe ilikuwa kubwa. Waliletwa watoto wa shule, bendi ya magereza, na televisheni ya taifa ikirusha moja kwa moja. Kibao kilifunikwa kitambaa cha rangi za bendera, na mbele yake utepe. Waziri alivaa koti linalong'aa la wenye baiskeli, kuonyesha mshikamano, juu ya suti.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Usalama barabarani ni mkasi. Mkasi una pande mbili. Upande mmoja ni gari, upande mmoja ni baiskeli. Mkasi wa upande mmoja si mkasi, ni kisu! Nani kati yenu anataka serikali ya kisu? Hakuna! Leo tunatimiza vibao elfu moja. Majirani zetu wana vibao vingapi? Havifiki hata mia! Wanakutana kiholela, bila kumbukumbu, bila takwimu! Mimi mwenyewe, ndugu wananchi, nimeguswa na tukio hili. Nilikuwemo garini. Nilichelewa sherehe kwa dakika kumi. Lakini je, nililalamika?"

Watu wa mstari wa mbele, ambao wamepangwa kwa kazi hiyo, walijibu kwamba hakulalamika.

Ukaletwa Mkasi wa Pamoja juu ya mto. Waziri akaingiza mkono tundu la juu. Bi Sikudhani akaitwa, akaja na kaniki yake, akaingiza mkono tundu la chini. Mkasi ukafunguliwa, utepe ukawekwa katikati. Bendi ikanyanyua matarumbeta.

Waziri akabonyeza. Mkasi haukufunga. Bi Sikudhani alikuwa ameukazia mkono wake mahali pamoja.

"Bonyeza, mama," alinong'ona Waziri huku akitabasamu kwenye kamera. Kipaza sauti kilikuwa kifuani pake, kwa hiyo nchi nzima ilimsikia.

"Wewe bonyeza."

"Lazima tubonyeze wote. Ni wajibu wa pamoja."

"Nusu yetu tumeshaitoa, Mheshimiwa. Iko makaburini. Bonyeza yako tuone."

Waziri akabonyeza kwa nguvu. Akaweka mkono wa pili. Jasho likamtoka, koti likang'aa zaidi. Alijaribu kuupindisha mkasi upande wake, ukagonga chuma cha kibao, makali yakapata mapengo, lakini haukufunga. Mwanamke yule amezoea kumsaidia mumewe kushikilia panga kwenye jiwe linalozunguka. Mkono wake hauchezi. Tulikaa hivyo, kwa saa yangu, dakika nne. Matarumbeta yalikuwa bado hewani.

"Mume wangu alizinoa pande zote mbili," alisema Bi Sikudhani. "Wako mbona haukati?"

Televisheni ikaweka wimbo wa taifa na picha ya mlima.

Bwana Lushaka alipanda jukwaani, akatangaza kwa upole kwamba utepe utahesabiwa kuwa umekatika. Kitambaa kikaondolewa na walinzi. Msafara ukaondoka kwa king'ora, na kibao kikabaki kimesimama na utepe wake mzima, jina la rafiki yangu likionekana hadi ng'ambo ya bonde.

*

Naja sasa kwenye swali la Idara.

Watu walikuwa hawajatawanyika. Bi Sikudhani alikisogelea kibao, akashika mguu mmoja wa chuma, akautikisa kidogo, akauacha. Akamgeukia mwuza maziwa aliyekuwa amesimama na baiskeli yake.

"Kaka, nishikie hapa. Usishike sana. Shika kidogo tu."

"Watanifunga, dada."

"Kwa kidogo hicho? Muulize Fundi Mshamu kama kinaandikika."

Watu wakanitazama. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, na nadhani Idara ingependa ningenyamaza. Nilisema kwamba kwa mtu mmoja kinaandikika. Kwa watu mia kinaandikika kwa shida. Kwa watu elfu, sina brashi hiyo.

Mwuza maziwa akashika kidogo. Akafuata muuguzi anayekwenda zamu kwa baiskeli. Wakafuata wauza mkaa, mwalimu wa hesabu, na mama mmoja aliyesema kibao cha tano ni cha mwanawe. Huyo nilimwandikia mimi. Hakunitazama. Kila mmoja alitikisa mara moja, akampisha mwingine. Hawakupiga kelele wala hawakukimbia. Ulikuwa mstari, wa adabu kuliko mistari yote niliyowahi kuiona katika ofisi za nchi hii.

Likaja lori la mchanga, likasimama. Tulidhani dereva amekasirika tumeziba njia. Aliteremka, pandikizi la mtu, akavua kofia.

"Hivi vidude mnaving'oa?" aliuliza.

"Tunavitikisa tu," alijibu muuguzi.

"Miaka sita sioni chochote kwenye kona hii. Mtu anachomoka nyuma ya kibao, mimi nina tani kumi nyuma, nafanyaje? Wawili wako hapa kwa jina langu." Alivionyesha: cha tatu na cha nane. "Nalala nao. Ninyi mnadhani mimi silali nao?"

Alikwenda kwenye lori, akarudi na kamba ya kuvutia magari, akaifunga kwenye mguu wa cha nane, na akamwomba mama wa kibao cha tano amwoneshe namna ya kushika kidogo. Nilikuwa nimeandika vibao elfu moja vya wajibu wa pamoja kwa rangi ya mafuta. Siku hiyo niliuona kwa mara ya kwanza.

Kufikia alasiri Kona ya Tanuri ilikuwa wazi. Kwa siku tatu watu walitikisa vibao nchi nzima, wenye baiskeli, wenye bodaboda, wenye magari. Ukingo ukarudi. Wiki hiyo redio ya taifa haikuwa na cha kutangaza jioni, ikasoma hali ya hewa mara mbili.

Idara ilifanya uchunguzi. Watuhumiwa hawakusumbua, walijipeleka wenyewe, wakaandikisha majina, elfu kumi na mbili, mia nne na sita, wakiwemo askari wanne waliotumwa kuwakamata. Bwana Lushaka aliligawanya kosa kwa usawa, kwa kuwa ni mtu wa haki. Kisha akaniletea orodha niandike kibao. Nilipima mbele yake. Fungu la kila mmoja lilikuwa jembamba kuliko unywele wa brashi namba moja. Aliondoka bila hata kunipa maji.

Mnaniuliza kama nami nilishika. Nilishika. Namba yangu ni elfu mbili na kumi na saba. Mnaniuliza nani alianza. Sikumbuki. Nilikuwa natazama jina la rafiki yangu.

Kile kibao cha elfu moja Bi Sikudhani alikichukua. Alinitaka nifute juu, HAPA WALIKOSEA, na jua, na mbuzi, na wale wote. Nikafuta pia NUSU NZIMA. "Jina usiliguse," alisema. "Wamempa herufi kubwa wenyewe." Kimetundikwa mbele ya nyumba yao, na chini ya FUNDI KITWANA NDAGO nimeongeza HAPA TUNANOA VISU, MAPANGA NA MIKASI. Jiwe la mumewe aliliokota barabarani siku alipogongwa, halikuvunjika. Amelifunga kwenye baiskeli nyingine na kazi inaendelea. Tunu husoma kibao kwa sauti akitoka kwenda shule.

Juzi Bwana Lushaka alikuja hapo. Wizara imeagiza kutoka ng'ambo brashi yenye unywele mmoja, na haiwezi kutumika kabla Waziri hajaizindua kwa kukata utepe. Alikuwa amebeba Mkasi wa Pamoja, ule wenye mapengo. Nilikuwepo, nimekuja na visu vyangu.

Bi Sikudhani aliupokea kwa mikono miwili, akamkaribisha mgeni kiti, akamsogezea glasi ya maji. Akakaa kwenye baiskeli, akapiga pedali. Cheche ziliruka kwa robo saa. Alipomaliza akaufuta mkasi kwa ncha ya kaniki, akampa.

Bwana Lushaka alipitisha kidole upande mmoja, akakitoa haraka, kimechanika. Akakipitisha upande wa pili. Ulikuwa na mapengo vilevile.

"Mama," alisema, "umenoa upande mmoja tu."

"Ndiyo, baba," alisema Bi Sikudhani, na tayari alikuwa amechukua kisu changu. "Huo mwingine ni wa kwenu."